Mwenye hisa chache hana sauti?

Hapa Kampala nasikia mara kwa mara: "Hisa zangu ni mia tano tu, mkutano nikaufanye nini?" Wengi walionunua hisa za MTN Uganda mwaka 2021, kwa shilingi 200 kila moja, wanaamini kazi yao ni kungoja gawio tu, yaani sehemu yao ya faida. Si kweli, na imani hiyo inawapa wakurugenzi raha wasiyostahili.

Ni kweli kura zikihesabiwa kwa hisa, mwenye nyingi hushinda. Lakini Sheria ya Makampuni ya 2012 haikuishia hapo. Kila mwanahisa lazima apewe taarifa ya mkutano mkuu wa mwaka. Humo kuna hesabu zilizokaguliwa, majina ya wakurugenzi wanaoomba kuchaguliwa tena, na fomu ya wakala, ya kumteua mtu akuwakilishe mkutanoni. Ukiwa Arua na mkutano uko Kampala, jaza jina la unayemwamini akupigie kura, kisha irudishe kabla ya muda kwisha. Fomu hiyo ndiyo wengi huitupa bila kuisoma!

Kuna nguvu kubwa zaidi. Wanahisa wakiungana wakafikisha sehemu moja ya kumi ya mtaji wenye haki ya kura, wanaweza kuilazimu bodi kuitisha mkutano wa dharura. Mkurugenzi naye huweza kuondolewa kwa kura za zaidi ya nusu, hata kabla muhula wake haujaisha.

Na swali kuhusu malipo ya wakurugenzi? Mwenye hisa moja anaruhusiwa kusimama akauliza.