Kinachopita mbali si kimondo

Juzi redioni nimemsikia tena mtangazaji akisema kwamba "kimondo kikubwa" kitapita karibu na Dunia mwaka 2029. Alikuwa anazungumzia Apophis, mwamba wenye upana wa zaidi ya mita 300 uliogunduliwa mwaka 2004. Tarehe 13 Aprili 2029 utapita kilomita kama 32,000 juu yetu, chini ya satelaiti zinazorusha matangazo ya televisheni. Habari ni ya kweli, tena ya kusisimua. Neno ndilo lililokosewa.

Kimondo ni mwanga. Punje au jiwe la angani likiingia kwenye hewa yetu kwa kasi ya kilomita 11 hadi 72 kwa sekunde, hewa iliyo mbele yake hubanwa ikapata joto kali, na sisi huku chini tunaona mstari unaowaka na kuzimika kabla hujamwita mwenzio aje aone. Mara nyingi kilichowaka ni kidogo kama chembe ya mchanga. Wala si nyota iliyoanguka. Jua ni nyota, na upana wake ni zaidi ya mara mia ya upana wa Dunia, litaangukia wapi?

Neno lenyewe linatusaidia tukilisikiliza. Kamusi za zamani zinalo pia kwa umbo la kimwondo, na kwa watu wa pwani lilikuwa jina la kile kinachorushwa kikiwaka. Tafsiri za Qurani kwa Kiswahili zinalitumia kwa shihabu, moto unaomfuata shetani anayejaribu kudukiza habari za mbinguni, kama ilivyo katika Surat As-Saffat. Kwa hiyo tangu hapo neno limebeba mambo mawili, mwendo na moto. Wagiriki wao walisema meteoron, yaani kilicho juu hewani, wakakiweka kapu moja na mvua na radi. Ndiyo maana mpaka leo sayansi ya hali ya hewa inaitwa meteorolojia ingawa haishughuliki na vimondo. Neno letu ni sahihi kuliko lao, na inaniuma kuona tunalifuta makali.

Najua nitaulizwa kuhusu Mbozi. Lile bonge la chuma lililoko Songwe, urefu wake kama mita tatu, uzito unaokadiriwa kuwa tani 12, tunaliita Kimondo cha Mbozi na halina mwanga wowote. Ni kweli. Ukilisogelea unaona chuma cheusi chenye mashimo mashimo, na kwenye kona moja alama za msumeno wa watu waliotaka kipande. Kwa usahihi hilo ni jiwe la kimondo, mabaki ya kilichowaka. Jina limeshazoeleka na silipingi, maana angalau jiwe hilo lilipita kwenye hewa yetu likafika chini.

Lakini pete ya chuma iliyoanguka kijiji cha Mukuku, Makueni, tarehe 30 Desemba 2024, yenye kilo kama 500, haikuwa kimondo wala jiwe lake. Shirika la Anga la Kenya lilieleza kuwa ni kipande cha roketi. Na nyota mkia, ile inayoonekana usiku baada ya usiku ikiwa na mkia wake wa gesi na vumbi, nayo ni kitu kingine kabisa: iko mbali mno na hewa yetu.

Turudi kwa Apophis. Usiku ule, anga likiwa safi, watu wa Afrika wataweza kuiona kwa macho matupu: nukta ya mwanga wa Jua inayosogea taratibu kati ya nyota. Haitawaka, wala haitagusa hewa. Ndugu mtangazaji, hiyo iite asteroidi, au mwamba wa angani ukipenda.