Tulimpepea, hatukumkandamiza kifua

Jumapili iliyopita pale Majengo, Moshi, mashabiki wa zamani wa timu yetu ya mtaa walikutana kumkumbuka winga wao aliyefariki mwaka jana kwenye bonanza la wakongwe. Jina lake nalihifadhi kwa heshima ya familia. Kijiweni hata halikuhitajika, ukisema "Mguu wa Kushoto" kila mtu anajua ni nani. Walisimulia krosi zake, na viatu alivyokuwa akiwagawia vijana baada ya msimu. Mzee mmoja alikuja na jezi yake ya kijani, imechujuka, kwapani imeshonwa kwa uzi mweusi. Ameitunza miaka yote hiyo. Akaikunjua mapajani, akaniuliza, "Dokta, mbona alianguka bila kuguswa na mtu?"

Mimi ni daktari wa timu, na swali hilo nililiuliza mwenyewe nikiwa mwanafunzi. Ilikuwa Juni 26, 2003, tumebanana kwenye kibanda umiza, Kamerun wakicheza na Kolombia nusu fainali ya Kombe la Mabara kule Lyon. Dakika ya 72 Marc-Vivien Foé akaanguka kwenye duara la katikati, hakuna mtu karibu yake. Alikuwa na miaka 28. Uwanja ule ulikuwa kama nyumbani kwake, maana na Lyon alitwaa ubingwa wa Ufaransa mwaka 2002. Madaktari walihangaika naye kwa takriban dakika 45, wakamkosa. Mashabiki wa Manchester City, alikocheza kwa mkopo msimu ule, hawajamsahau: bao la mwisho la City katika uwanja wao wa zamani wa Maine Road lilikuwa lake, na jezi namba 23 haikuvaliwa tena. Kule Lens, barabara iliyo jirani na uwanja inaitwa kwa jina lake.

Nilichomjibu mzee ni hiki. Moyo una umeme wake. Kituo kidogo kilichoko juu upande wa kulia kinatoa amri, amri inashuka, misuli inabana kwa pamoja, damu inasukumwa. Umeme ukivurugika, vyumba vya chini vinatetemeka ovyo, kila uzi wa msuli kivyake, na damu haiendi popote. Ndani ya sekunde chache fahamu zinapotea. Aliyechezewa rafu hutanguliza mikono akianguka. Huyu anashuka kama gunia.

Uchunguzi wa mwili wa Foé ulionyesha misuli ya moyo iliyonenepa kupita kiasi. Ni hali ya kurithi, hukadiriwa kumpata mtu 1 katika kila 500, na wengi wanaishi nayo bila kujua. Kwa vijana, hiyo ni miongoni mwa sababu kubwa za moyo kusimama ghafla. Kwa aliyevuka miaka 35 mshukiwa wa kwanza ni mwingine: mishipa inayoulisha moyo wenyewe, iliyoziba kidogo kidogo kwa presha, sukari, sigara na lehemu, yaani mafuta katika damu. Winga wetu alikuwa na miaka 51. Wenzake waliniambia msibani kwamba kwa wiki kadhaa alikuwa akilalamika kubanwa kifua akikimbia, akipumzika kinaachia. Alisema ni gesi, akanywa dawa ya vidonda vya tumbo. Kifua kinachobana ukikimbia na kuachia ukisimama si cha kunywea dawa ya gesi. Ni cha kwenda kupimwa umeme wa moyo, ECG, na kipimo hicho kipo hapa hapa Moshi.

Siku aliyoanguka nilikuwa goli la pili namfunga bandeji kijana aliyeteguka kifundo. Niliposikia kelele nikakimbia, nikakuta watu zaidi ya kumi wamemzunguka. Mmoja anampepea kwa jezi, mwingine amemwagia maji, wawili wanampanua meno kwa kijiko cha chai ili asimeze ulimi. "Anapumua, Dokta, anapumua!" Hakuwa anapumua. Kila baada ya sekunde kadhaa kinywa kilifunguka kama cha samaki aliyetolewa majini, kikakoroma, kikatulia. Hiyo si pumzi, ni ubongo unaokosa damu. Nikaanza kumkandamiza kifua, lakini dakika zilishakwenda, na kila dakika inayopita bila kukandamizwa kifua wala kushtuliwa moyo kwa mashine ya umeme inapunguza uwezekano wa kupona kwa asilimia 7 hadi 10. Hakuamka.

Waliokuwa pale walimpenda kuliko mimi. Walifanya walichojua, na mimi ndiye niliyekuwa sijawafundisha. Miaka yote nilifundisha barafu na bandeji.

Machi 17, 2012, Fabrice Muamba wa Bolton alianguka uwanjani kwa Tottenham, London. Daktari bingwa wa moyo, Andrew Deaner, alikuwa jukwaani kama shabiki tu. Alishuka akasaidia. Moyo wa Muamba ulisimama dakika 78, wakati wote huo kifua kikikandamizwa, na yu hai. Christian Eriksen wa Denmark naye, Juni 12, 2021 kule Copenhagen, alianguka, akakandamizwa kifua, akashtuliwa kwa mashine palepale uwanjani, na Februari 2022 alikuwa anacheza Ligi Kuu ya Uingereza na Brentford.

Mashine hiyo sisi hatuna. Mikono tunayo. Kwa hiyo Jumapili ile niliomba gunia la mchele lililojaa nusu, nikaliweka juu ya mkeka liwe kifua cha kujifunzia. Aliyeanguka, haitiki na hapumui vizuri: mmoja apige simu na kutafuta gari, mwingine apige magoti. Kisigino cha kiganja katikati ya kifua, kwenye mfupa wa kidari, mkono wa pili juu yake, viwiko vimenyooka. Bonyeza sentimita 5 hadi 6, acha kifua kirudi juu, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Ulimi uacheni, kijiko kirudi kwenye kikombe.

Mzee aliikunja jezi, akampa mjukuu wake aishike, akapiga magoti. Alifika 60 akihema, kijana wa bodaboda akampokea bila kukatisha hesabu.

"Tunaendelea mpaka lini, Dokta?"

"Mpaka aamke, au mje mumkabidhi kwa mwenye mashine."

Mzee akakaa pembeni kuvuta pumzi, akisubiri zamu yake irudi.