Daemon si shetani

Wiki hii nimelisikia tena: "Kaka, seva imeingiwa na shetani, daemon imekufa." Safari hii nimeona niandike.

Daemon, litamke "dimoni", ni programu inayofanya kazi chinichini, haina dirisha wala haingoji mtu aibofye. Inapanga foleni ya printa, inapokea barua pepe, inaamka usiku kufanya bekapu. Watu wa Windows huiita sevisi. Maana ni hiyo tu.

Jina ndilo lenye kisa. Wapo wanaokuapia kuwa ni kifupisho cha maneno ya Kiingereza kuhusu diski. Hicho kifupisho kilitungwa baadaye, jina likiwa limeshazoeleka. Lilianza kwenye chuo cha MIT, Marekani, mwaka 1963, katika mradi wa kompyuta ulioitwa Project MAC, kwenye kompyuta ya IBM 7094. Fernando Corbató, aliyekuwa kwenye timu hiyo, alieleza kwamba walilitoa kwenye fizikia. Mwaka 1867 James Clerk Maxwell aliwaza kijitu, ambacho baadaye kiliitwa "demon" wa Maxwell, kilichokaa mlangoni kati ya vyumba viwili vya gesi, kikipitisha molekuli za kasi huku na za polepole kule, bila kuchoka. Na ile "ae" ni ya zamani zaidi: Wagiriki walisema daimon, kiumbe wa kiroho anayeweza kuwa mwema au mbaya. Mtu wa Pwani haelezwi mara mbili, anajua majini si wote wabaya. Waliochora katuni yenye pembe ya BSD, mfumo endeshi wa jamii ya Unix, walikuwa wanatania, na utani wao ndio umetuponza.

Halafu hiyo "imekufa". Kwenye mashine ya huyo bwana aliyelalamika niliandika systemctl status nginx, yaani amri ya Linux ya kuuliza hali ya nginx, programu inayohudumia tovuti. Likatokea neno jekundu: failed. Yaani ilijaribu kuinuka ikashindwa, na sababu iko mistari michache chini: poti 80, mlango ambao tovuti hupokelea wageni, imeshikwa, kosa namba 98. Apache, programu nyingine ya kuhudumia tovuti, alikuwa ameikalia tangu mashine iwashwe. Ingekuwa imesimama tu, ingeandikwa inactive, na pembeni dead, nakubali. Lakini hata programu ambayo hakuna aliyewahi kuiwasha huandikwa hivyohivyo. Disabled nayo ni jambo jingine kabisa: haitajiwasha yenyewe kompyuta ikiwaka, ingawa sasa hivi inaweza kuwa inachapa kazi.

Kwa hiyo, ndugu yangu, shetani tumwache. Sema "imeshindwa kuanza", kisha nisomee logi, ile kumbukumbu ya matukio ya programu, inasemaje kabla hujaizima mashine kwa mara ya nne.