Laini maalumu na intaneti ya nyumbani: tofauti iko kwenye neno "hadi"

Msimu wa korosho ulikuwa umekaribia, mzee mmoja mwenye ofisi ya uwakala wa ghala pale Masasi akanisogezea karatasi mbili mezani. Zote zilikuwa bei za intaneti. Ya kwanza iliandikwa megabiti 20 kwa sekunde. Ya pili nayo megabiti 20 kwa sekunde, ila bei yake ilikuwa mara kadhaa ya ile ya kwanza.

"Mwanangu," akaniuliza, "hapa naibiwa wapi?"

"Huibiwi, mzee. Hebu soma tena hiyo ya bei nafuu, mstari wa juu."

Akavaa miwani, akasoma kwa sauti: "Kasi ya hadi megabiti 20." Nikaweka kidole kwenye neno *hadi*. Akanyamaza kidogo, akachukua karatasi ya pili akaanza kulitafuta neno hilo. Halikuwepo.

Mimi nafunga mitandao huku Mtwara na Lindi, na swali la mzee yule naulizwa kila mwezi. Watu wengi wanadhani laini maalumu, ambayo sisi mafundi tumezoea kuiita dediketedi na wengine wanaiita laini ya kukodi, ni intaneti yenye kasi zaidi. Siyo lazima. Laini maalumu ya megabiti 10 inaweza kuwa na kasi ndogo kuliko faiba ya jirani yako nyumbani. Unachonunua pale ni uhakika: megabiti 10 ulizolipia ni zako saa nne asubuhi, ni zako saa tatu usiku, hata mtaa mzima ukiwa unaangalia mpira. Intaneti ya nyumbani inakuuzia kikomo cha juu. Chini ya kikomo hicho hujaahidiwa kitu.

Kwa nini iwe hivyo? Kwa sababu ya nyumbani ni ya kugawana, na inafaa kuelewa inagawanywaje. Waya mmoja wa faiba, yaani uzi wa kioo unaopitisha mwanga, unatoka kwenye kituo cha kampuni hadi mtaani kwenu. Pale kwenye kisanduku cha nguzoni kuna kigawanyo kinachoupasua mwanga wa waya ule kwenda nyumba 32, wakati mwingine 64. Teknolojia iliyoenea zaidi kwa kazi hiyo inaitwa GPON, na waya wake mzima unabeba takriban gigabiti 2.5 kwa sekunde za kushusha na 1.25 za kupandisha. Sasa piga hesabu. Nyumba 64 zikiuziwa "hadi megabiti 100" kila moja, jumla ni megabiti 6,400, na waya una 2,500 tu. Huo si utapeli. Kampuni inajua kwamba muda mwingi wateja hawatumii wote kwa pamoja: huyu yuko kazini, yule amelala, mwingine anasoma ujumbe wa simu ambao haumalizi hata megabiti moja. Kugawana huko ndiko kunakofanya mwalimu au muuza duka amudu kuwa na faiba nyumbani, na binafsi nakuunga mkono kwa moyo wote. Shida inakuja usiku, kuanzia kama saa mbili, pale kila nyumba inapowasha filamu yake.

Tena hapo nimezungumzia faiba. Kwetu huku, ukishatoka katikati ya mji, intaneti ya nyumbani mara nyingi ni ruta yenye laini ya simu ndani, inayovuta kutoka mnarani. Mnara unagawanywa na kila simu iliyo chini yake. Siku watu wanapojaa mjini kwa ajili ya mnada, mnara ni uleule, wenye simu ndio wameongezeka.

Laini maalumu haipiti kwenye kigawanyo hicho. Inaweza kuwa uzi wa faiba kutoka ofisini kwako hadi kwenye kituo cha kampuni, au redio mbili zinazotazamana, moja juu ya paa lako na nyingine mnarani. Muhimu zaidi ni kwamba baada ya kufika kituoni, kampuni inakutengea sehemu yako kwenye njia kuu ya kwenda Dar es Salaam. Njia kuu hiyo ndiyo ghali, na ndiyo sababu ya bei ile iliyomshtua mzee wa Masasi.

Kuna jambo la pili ambalo kwenye matangazo halionekani, nalo ni kupandisha. Kasi inayotajwa kwenye intaneti ya nyumbani ni ya kushusha, yaani vitu vinavyokuja kwako. Kasi ya kupeleka vitu mara nyingi ni ndogo zaidi, kwa sababu nyumbani watu wanatazama kuliko wanavyotuma. Ofisi ni kinyume chake. Ya mzee yule inapiga skani stakabadhi za ghalani na mafaili ya hesabu, inayatuma Dar. Chukua faili la megabaiti 600. Ukiwa na kasi ya kupandisha ya megabiti 2, litachukua dakika 40, tena kama hakuna anayekuingilia. (Baiti moja ni biti nane; hapo ndipo wengi wanapopotea wakifanya hesabu.) Kwenye laini maalumu kasi ya kwenda na ya kurudi kwa kawaida ni sawa, kwa hiyo kwa megabiti 20 faili hilohilo linaondoka kwa dakika nne. Binti anayelituma pale ofisini ameniambia alikuwa anaacha kompyuta inatuma, anaenda kula, akirudi anakuta imekatikia katikati na kazi inaanza upya. Kwake yeye tofauti ya laini hizi mbili ni chakula cha mchana kinacholiwa kwa utulivu.

La tatu ni matengenezo. Nyumbani kwangu Mikindani kuna kifaa cheupe cha faiba ukutani chenye taa iliyoandikwa LOS. Taa ile ikiwaka nyekundu na kupepesa, maana yake mwanga haufiki, waya umekatika mahali. Mwaka mmoja ilipepesa siku nne. Mtaro ulikuwa unachimbwa barabarani, jembe likaupata waya. Nilipiga simu kila asubuhi, nikajibiwa kwa upole kwamba fundi atakuja. Ningeweza kudai nini? Kwenye mkataba wangu hapakuwa na saa ya mwisho ya kurekebisha.

Laini maalumu huja na mkataba wa kiwango cha huduma, na humo ndimo mwenye ofisi anapaswa kukaa na kalamu. Kampuni inaandika asilimia ya muda ambao laini itakuwa hewani, itachukua saa ngapi kurekebisha, na itarudisha kiasi gani ikishindwa. Asilimia hizo zinadanganya macho. Asilimia 99 inasikika kama ukamilifu, lakini mwaka una saa 8,760, kwa hiyo inaruhusu saa 87 na nusu za giza, zaidi ya siku tatu na nusu. Asilimia 99.5 inaruhusu karibu saa 44. Asilimia 99.9 inaruhusu chini kidogo ya saa tisa. Mkataba hauzuii jembe kukata waya, ila unaamua nani anatangulia kuhudumiwa baada ya jembe kupita.

La nne nitalipitia haraka: anwani ya IP, yaani namba inayoitambulisha laini yako kwenye intaneti. Kwenye laini nyingi za nyumbani na za simu, wateja wengi wanatokea duniani kwa anwani moja ya pamoja, na inaweza kubadilika wakati wowote. Ukitaka kutazama kamera za ghala lako la Nachingwea ukiwa Lindi mjini, au kuingia kwenye mfumo wa Dar unaoruhusu anwani zinazojulikana tu, utahitaji anwani yako ya kudumu. Laini maalumu kwa kawaida inakuja nayo.

Lakini nisimpambe mtu. Mwanzoni mwa Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipoleta mvua kubwa Kilwa, barabara yetu ya kwenda Dar ilikatika maeneo ya Somanga, na basi la bei ya juu lilisimama foleni moja na lori la viazi. Siku chache baadaye, Jumapili ya tarehe 12 Mei, nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika kusini kuelekea Afrika Kusini, na intaneti ya Tanzania nzima ikayumba. Laini maalumu ni kipande chako cha njia, si njia yote. Ukikatika waya mkubwa mbele yako, uhakika wako unaishia hapo, isipokuwa kama kampuni yako ina njia nyingine ya kupitia. Hilo nalo ni la kuuliza kabla ya kusaini.

Kwa hiyo nani anaihitaji? Nikifika ofisini kwa mteja simuulizi anatumia kompyuta ngapi. Namuuliza: intaneti ikikatika kwa muda wa saa nzima, kuanzia saa tano asubuhi, kitu gani kinasimama? Akisema barua pepe zitasubiri, namwambia aendelee na ya nyumbani, na fedha iliyobaki anunue ruta ya pili ya mtandao mwingine iwe akiba. Ofisi nyingi za hapa zinatosheka hivyo, hasa kwa kuwa mchana, zinapofanya kazi, mtaa wa makazi umetulia. Hospitali ambayo maabara na mapokezi yanasomana kwenye mfumo mmoja ni habari nyingine. Vivyo hivyo ofisi yenye matawi matatu yanayotumia hesabu za pamoja, au inayofanya kazi ndani ya saa za mnada, sasa ambapo korosho inanadiwa kwa mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa, TMX.

Mzee wa Masasi hakuchukua karatasi yoyote kati ya zile mbili. Tuliomba bei ya tatu: laini maalumu ya megabiti 5 tu, kwa kompyuta mbili zinazotuma mafaili. Ya "hadi 20" akaichukua kando, kwa simu za wafanyakazi na wageni wanaosubiri barazani. Nilivuta waya mbili tofauti, nikazibandika karatasi, ya kijani na ya njano. Faili la megabaiti 600 sasa linatoka kwa dakika 16, na aliniomba niiandike namba hiyo ukutani, juu ya ruta, ili siku ikizidi ajue pa kupiga simu.