Kabla hujaomba kadi ya grafiki, kitazame kitanzi chako

Tangu seva ya maabara yetu hapa Mbeya iwekewe kadi ya grafiki (GPU), ya kufanyia hesabu nyingi kwa wakati mmoja, maombi yamekuwa mengi na malalamiko nayo yameongezeka. Lalamiko kubwa ni moja: "Nimepewa kadi, lakini programu imekuwa nzito kuliko ilivyokuwa kwenye laptop yangu." Kadi ni nzima. Tatizo liko kwenye kitanzi, yaani sehemu ya programu inayorudia hatua zilezile tena na tena.

Chukua picha ya setilaiti ya Sentinel-2 ya msitu wa Sao Hill, Mufindi. Kipande kimoja kina pikseli 10,980 kwa 10,980, zaidi ya milioni 120. Ukikokotoa ukijani wa pikseli moja hutahitaji jibu la jirani yake, hivyo maelfu ya nyuzi za kadi, yaani mikondo midogo ya ukokotoaji, yanafanya kazi kwa pamoja, kama wachuma chai wa Rungwe, kila mmoja na mstari wake. Kitanzi cha namna hiyo tuletee.

Kina cha maji ya bwawa la Mtera ni habari nyingine. Maji ya leo ni yale ya jana, ongeza yaliyoingia, toa yaliyofunguliwa na yaliyokwenda na mvuke. Siku ya 200 haikokotoleki kabla ya siku ya 199. Ukilazimisha, uzi mmoja utahangaika huku nyingine zimekaa bure, na uzi mmoja wa kadi ni mzito kuliko kichakataji cha kawaida. Lakini ukiwa na hali 10,000 za mvua za kujaribu kwenye bwawa hilohilo, gawanya kwa hali, si kwa siku: kila uzi ubebe hali moja kuanzia siku ya kwanza hadi ya mwisho. Hapo kadi itakufaa sana.

Data nayo ipeleke kwenye kadi mara moja, malizia hatua zote hukohuko, urudishe matokeo tu. Kuipeleka na kuirudisha kila mzunguko kunameza faida yote.

Na tumelisema hili mara nyingi mno: kitanzi cha lugha ya Python hakihamii kwenye kadi eti kwa sababu seva ina kadi. Lazima kiandikwe upya, kwa zana za kuandikia programu za kadi: CuPy, Numba au CUDA.

Fomu ya maombi iambatane na vipimo vya muda vinavyoonyesha ni sehemu gani inayochelewesha. Kama kitanzi kinachukua asilimia 90 ya muda wote, hata kikiisha papo hapo kasi ya programu haitazidi mara 10 ya ile ya awali. Kanuni hiyo mhandisi wa kompyuta Gene Amdahl aliijengea hoja tangu 1967. Msimamizi wako asaini kwa mkono. Saini iliyobandikwa hairuhusiwi. Zamu ni saa 12, na ikiisha mfumo unaikata kazi wenyewe, kwa hiyo hifadhi matokeo njiani. Atakayeshikilia kumbukumbu ya kadi saa nzima bila kukokotoa ataondolewa. Akirudia, akaunti inafungwa siku 14, na kufunguliwa ni kwa barua iliyopitia kwa msimamizi. Ukimwazima mwenzako nywila, mnafungiwa wote wawili.