Msimulizi Asiyeaminika Hana Ruhusa ya Kumdanganya Msomaji

Wiki hii nimerudisha mswada wa tatu mwaka huu wenye kasoro ileile. Hadithi yenyewe inavutia: nyumba ya ukoo, bibi aliyekufa na siri moyoni, mpiga ramli aliyemwonya mjukuu asifungue sanduku, na mjukuu huyohuyo ndiye anayetusimulia. Katika sura ya pili anasema usiku bibi alipofariki yeye alikuwa safarini. Anataja basi, kiti alichokalia, hata abiria aliyemgawia maji. Tunamwamini mpaka sura ya mwisho, ambapo anakiri kwamba alikuwa nyumbani, chumbani, kando ya kitanda. Hapakuwa na basi wala abiria. Nikamuuliza mwandishi kidokezo kiko wapi. Akanijibu kama wanavyonijibu wote: "Mwalimu, huyu ni msimulizi asiyeaminika. Anaruhusiwa kudanganya."

Haruhusiwi, si kwa namna hiyo. Dhana hii inaua miswada mizuri, ndiyo maana leo nataka kuimaliza.

Msimulizi asiyeaminika ni yule ambaye maneno yake na matukio yenyewe havilingani, na msomaji makini anaweza kuuona mpasuko huo kabla hajaonyeshwa. Nusu hii ya pili ndiyo inayosahauliwa. Pasipo na ufa wa kuchungulia, msomaji hana alichoshindwa kukiona. Ameambiwa jambo, kisha akaambiwa kinyume chake, basi. Hawezi kurudi ukurasa wa arobaini akajipiga paji la uso, maana ukurasa wa arobaini hauna kitu.

Mfano unaotajwa zaidi ni riwaya ya Agatha Christie ya mwaka 1926, The Murder of Roger Ackroyd. Ambaye hajaisoma aruke aya hii. Msimulizi ni daktari wa kijiji, naye ndiye muuaji. Anaeleza usiku ule kwa mkono wake mwenyewe: barua ililetwa saa tatu kasoro dakika ishirini, alimwacha mwenye nyumba saa tatu kasoro dakika kumi, barua ikiwa bado haijasomwa, akasita mkono ukiwa kwenye kitasa, akatazama nyuma, akajiuliza kama kuna alichoacha bila kukifanya. Saa ni sahihi, barua ni ya kweli, kitasa ni cha kweli. Hakuna neno la uongo hapo. Kilichokosekana ni dakika kumi, na mauaji yamo ndani ya dakika hizo. Mwishoni daktari mwenyewe anazirudia sentensi zile na kutuonyesha pengo. Waandishi wengi hukumbuka kwamba daktari alituficha jambo, wakasahau kwamba alitupa nyakati mbili za kutoa na kujumlisha.

Kuna njia nyingine, ya msimulizi asiyejua. Katika The Moonstone ya Wilkie Collins (1868), Franklin Blake anaisaka kwa bidii almasi iliyotoweka, kumbe aliyeichukua ni yeye, usiku, akiwa amenyweshwa afyuni bila habari. Anatuambia kila analolijua, na analolijua halitoshi.

Ya tatu ndiyo ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo inayofaa zaidi riwaya za siri za familia: uongo unakaa vinywani mwa wengine, msimulizi anaupitisha tu. Chukua binti aliyelelewa akimwita mama yake mzazi "dada". Akiandika "dada alinilea", hajadanganya. Akiandika "mwaka niliozaliwa dada hayumo kwenye picha hata moja, niliambiwa alikuwa shule ya bweni", hajadanganya pia, ameripoti alichoambiwa. Lakini msomaji sasa ana picha zisizo na dada, ana neno "niliambiwa", na akipiga hesabu za umri ataona mama wa nyumba hiyo alijifungua akiwa na miaka hamsini. Siri yote iko mezani. Msimulizi haioni kwa sababu kuiona kutamnyang'anya familia aliyo nayo, na hapo tunapata riwaya yenye moyo, si mchezo wa kiini macho.

Je, uongo wa wazi haufai kabisa? Unafaa kwa sharti moja: umpe msomaji kitu cha kuupimia. Msimulizi akisema alikuwa safarini, basi sura chache baadaye aeleze harufu ya ubani uliochomwa chumbani usiku ule, kitu ambacho msafiri asingekijua. Sentensi moja inatosha. Bila hiyo umeficha karata chini ya meza.

Ushauri wangu ni uleule ninaompa kila mwandishi, na wanaoukwepa hurudi baada ya miezi sita na tatizo lilelile. Kabla ya sura ya kwanza, andika daftari la ukweli. Katika nafsi ya tatu, saa kwa saa, nani alikuwa wapi, alifanya nini, alijua nini na alikijua lini. Usipambe. Mswada ukikamilika, pigia mstari kila sentensi ambayo msimulizi anatoa kama jambo lililotokea, uilinganishe na daftari. Panapotofautiana, andika pembeni ukurasa unaomwezesha msomaji kushtuka. Pembeni pakibaki patupu, sentensi hiyo ibadilishwe. Ni kazi ya wiki mbili na inachosha. Sijaona njia ya mkato.

Nihamie kwenye ramli, ambako nasikia madai mawili yanayopingana. Wa kwanza wanasema ramli hairuhusiwi katika riwaya ya fumbo, wakimtaja Ronald Knox, aliyeandika amri zake kumi za hadithi za upelelezi mwaka 1929 na kuzikataza nguvu zisizo za kawaida. Alichokataza ni mizimu kutatua kesi. Watu wanaoiamini mizimu hakuwagusa. Mohamed Said Abdulla alishinda shindano la uandishi la 1957–58 kwa hadithi ambayo jina lake tu lina mzimu, Mzimu wa Watu wa Kale, iliyochapishwa 1960. Lakini mpelelezi wake, Bwana Msa, anamtafuta muuaji kwa akili, na muuaji ni binadamu. Imani ya watu kuhusu mzimu ule ni sehemu ya fumbo, haigeuki kuwa jibu.

Wa pili wanamtumia mpiga ramli kama bomba la habari. Mwandishi amekwama, hajui shujaa ataijuaje siri, basi anampeleka akasomwe kiganja na siri inatoka. Hili linaniudhi karibu sawa na lile la basi. Mpiga ramli akijua jambo, jiulize amelijuaje. Kwa kawaida jibu ni kwamba mtu wa familia alimtangulia: shangazi alikwenda kulia kwake miaka ishirini iliyopita, akasema yote. Hapo una shahidi, una tarehe, na una sababu ya mtu kutaka shahidi huyo anyamaze.

Na akiwa hajui lolote, bado ana kazi kubwa. Mwaka 1948 mwanasaikolojia Bertram Forer aliwapima wanafunzi wake 39, kisha akampa kila mmoja maelezo ya tabia yake. Wakayapa wastani wa alama 4.26 kati ya 5 kwa usahihi. Wote walikuwa wamepewa karatasi ileile, yenye maneno aliyoyatoa kwenye kitabu cha unajimu. Sasa mweke mpiga ramli wako mbele ya familia nzima na aseme: "Humu ndani kuna mtu amebeba jambo la siku nyingi." Kila mmoja atasikia jina lake. Mjomba atacheka mapema mno, mama atainuka kuangalia sufuria, kijana mmoja atauliza, "Nani amekwambia?" Mwenye ramli hajui kitu, ila mpelelezi aliyekaa kwenye kona ameshapata majina matatu.

Mengine niyapitie haraka.

"Msimulizi asiyeaminika ni mtindo wa kisasa." Jina ndilo jipya, lilitolewa na mhakiki Wayne Booth mwaka 1961. Collins aliandika miaka tisini na mitatu kabla yake.

"Lazima awe mlevi, mgonjwa wa akili au mhalifu." Hapana. Mtu anayempenda baba yake kupita kiasi anatosha. Msimulizi mgonjwa ambaye ugonjwa wake ni kisingizio tu cha msuko ni kuwakosea wagonjwa na wasomaji kwa pamoja.

"Siri ikiwa nzito, riwaya itakuwa nzuri." Miswada yenye mauaji, watoto waliobadilishwa na wosia wa kughushi kwa mpigo ninayo mingi. Uzito unatokana na gharama ya kuitunza siri: nani aliacha kuongea na nani, chumba gani hakifunguliwi, jina gani halipewi mtoto yeyote tena.

"Msomaji akigundua mapema nimeshindwa." Wachache wagundue. Msomaji aliyegundua kwa haki hukimaliza kitabu akiwa na furaha. Aliyedanganywa hukifunga na hakifungui tena.

Mswada wa sanduku nimeurudisha ukiwa na alama sura ya pili. Abiria wa maji atoke, kiti kitoke. Nimependekeza sentensi moja mahali pake: "Tiketi ya basi la jioni ile ninayo mpaka leo." Ni kweli tupu, anayo. Na sura ya tisa, akipanga nyaraka za bibi, tiketi ianguke sakafuni, naye aiokote bila kusema neno, ikiwa nzima, haijachanwa.