Kifaranga mwenye mgongo wazi si lazima awe mgonjwa

Wiki ya tano imefika. Nusu ya vifaranga wamevaa vizuri, wengine migongo bado iko wazi na mabawa hayajafunika ubavu. Hapo ushauri unaanza kumiminika: wape shubiri, wape antibiotiki, watenge. Mwingine atakwambia uwatoe nje wapigwe jua, wataota tu. Baadhi ya maneno haya hayana madhara, ila yapo yanayomaliza banda.

Dhana: kuchelewa manyoya ni ugonjwa

Kifaranga anayekula, anayekimbia, mwenye macho maangavu na kinyesi kilichoshikana, huyo ni mzima hata kama yuko uchi. Kuku wana kinasaba kinachochelewesha manyoya, nacho kiko kwenye kromosomu ya jinsia. Ndiyo maana Leghorn huvaa mapema, huku Brahma, Cochin na Plymouth Rock wa madoadoa ya mistari wakienda polepole. Ukifuga machotara wenye damu ya kuku wazito, usishangae kundi la umri mmoja kuwa na waliovaa na wasiovaa.

Watotoleshaji wakubwa wanakitumia kinasaba hicho kwa makusudi. Wanampandisha jogoo wa ukoo unaoota haraka kwa mitetea ya ukoo unaochelewa. Mtetea humrithisha kromosomu yake ya Z, ile ya jinsia yenye kinasaba hicho, mtoto wa kiume tu, kwa hiyo madume wanatoka wenye kuchelewa na majike wenye kuwahi. Kifaranga akishakauka, mtaalamu anakunjua bawa na kutazama safu mbili: manyoya makuu ya bawa, na yale ya juu yanayoyafunika. Makuu yakiwa marefu zaidi, ni jike. Zikilingana, au za juu zikizidi, ni dume.

Kutokana na hilo imezaliwa dhana nyingine, kwamba unaweza kukunjua bawa la kifaranga yeyote sokoni ukajua jinsia yake. Huwezi. Njia hiyo inakubali pale tu wazazi walipopangwa hivyo, tena ndani ya siku moja mbili za mwanzo. Kwa kienyeji aliyeanguliwa uani kwa mama fulani, bawa linakueleza kasi ya manyoya, basi. Anayekuuzia "majike matupu" wa kienyeji kwa kipimo hicho anakuuzia bahati nasibu.

Kishingo, kuku asiye na manyoya shingoni, naye ana hesabu yake. Shingo ile tupu ni ya kurithi, na mwili mzima hupungukiwa manyoya kwa takriban asilimia 20 hadi 40, kutegemea amerithi upande mmoja au pande zote mbili. Joto la Pwani analimudu vizuri. Dawa ya kumwotesha shingo haipo, wala haihitajiki.

Sasa, si kila kuchelewa ni urithi. Unyoya karibu wote ni protini, na protini yenyewe inadai amino asidi (vijenzi vya protini) zenye salfa, hasa methionini na sistini. Ukiwahamishia vifaranga pumba za mahindi tupu wiki ya pili kwa sababu chakula cha dukani kimepanda bei, utayaona matokeo kwenye migongo yao. Chakula cha vifaranga kinatakiwa kiwe na protini ya asilimia 18 hadi 20 hivi. Dagaa husaidia, na mashudu ya alizeti yana methionini ya kutosha kuliko watu wanavyodhani.

Utatofautishaje? Urithi unachagua: huyu kavaa, yule bado. Njaa ya protini inagusa karibu banda zima. Kisha mkamate mmoja, mgeuzie mgongo kwenye mwanga, upulize. Ukiona vijishina vya rangi ya samawati vimechomoza kwenye ngozi, manyoya yako njiani. Ukikuta mashina yaliyokatika na vidamu karibu na mkia, hapo wanadonoana. Wamebanana au taa ni kali mno.

Dhana: ongeza joto, manyoya yatawahi

Ni kinyume. Joto likizidi wanakula kidogo, wanashinda kwenye maji, na manyoya yanazidi kuchelewa. Anza na nyuzi 32 hadi 35 wiki ya kwanza, kisha punguza nyuzi 3 hivi kila wiki mpaka ufike 21. Usipokuwa na kipimajoto watazame wenyewe. Wakilundikana kwenye jiko wana baridi, wakijibanza pembeni midomo wazi wanaungua, wakitapakaa kwenye maranda wako sawa. Na wanaotumia jiko la mkaa waache upenyo wa hewa. Banda lililozibwa kila tundu linaua kimyakimya.

Dhana: kienyeji hawahitaji joto, mbona mama anawatoa siku ya pili?

Anawatoa, ndiyo, lakini jiko analo mwenyewe. Mwili wa kuku una nyuzi 41 hivi. Mtazame mama asubuhi yenye ukungu: vifaranga wanachakura dakika chache, wanarudi chini ya mbawa, wanatoka tena. Wewe uliyenunua vifaranga wa siku moja bila mama huna mbawa za kuwapa.

Kwa hiyo ule ushauri wa "wiki nne wanatoka nje" ni kanuni ya nani, na ya wapi? Usiku wa Januari Dar es Salaam na alfajiri ya Julai Njombe au Makete, ambako nyuzi hushuka chini ya 10, si kitu kimoja. Hesabu manyoya kabla ya wiki. Mgongo, kifua na ubavu vikifunikwa, na ukawa umeshazima joto usiku kadhaa bila wao kulundikana, wako tayari. Kwa wengi ni wiki ya tano au ya sita. Waliochelewa waongezee wiki moja au mbili ndani.

Tena mchana na usiku viachanishwe. Jua likiwa limepanda watoe saa mbili tatu, uwarudishe kabla ubaridi haujaingia. Mvua ni mbaya kuliko baridi kavu, kwa sababu malaika ya kifaranga, yale manyoya laini ya mwanzo, yanalowa mpaka kwenye ngozi. Usiwaachie pale walipolala kuku wakubwa pakiwa na unyevu. Vimelea vya kuhara damu hukaa humo. Chanjo ya kideri (Newcastle) nayo iwe imeshatolewa kwanza.

Dhana: jua linaotesha manyoya

Jua linampa vitamini D, na hiyo ni ya mifupa. Unyoya unajengwa na chakula.

Na wale wa nyama wenye matumbo wazi? Waache walivyo. Mwili wao unakimbia kuliko manyoya, na wengi wanafika kwa mchinjaji kabla hayajakamilika.